Morgan: Kiwanda cha magari kinachotegemea maseremala

KATIKA viwanda vingi vya magari duniani, mkanda wa mashine ndio unaoamua kasi ya kazi. Katika kiwanda cha Morgan, kilichopo mji wa Malvern nchini Uingereza, anayeamua ni fundi. Kwa miaka mingi gari limekuwa likisukumwa kwa mikono kutoka karakana moja hadi nyingine, na halihami mpaka kazi ya hatua hiyo iishe.

Kampuni hiyo ilianzishwa na H.F.S. Morgan, aliyetengeneza gari lake la kwanza, la magurudumu matatu, mwaka 1909. Mwaka 1936 lilifuata gari la michezo lililoitwa 4-4, yaani silinda nne na magurudumu manne.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba fremu ya bodi ya magari hayo ni ya mbao. Hutumika mti wa Ulaya uitwao eshi, ambao ni mgumu lakini hauvunjiki ovyo. Ndio unaotumika huko kutengenezea mipini ya nyundo. Ili kupata upinde wa juu ya gurudumu la nyuma, mbao nyembamba tatu hupakwa gundi, hukunjwa na kubanwa kwenye kalibu hadi zishikane. Mbao hizo pia hutiwa dawa ya kuzuia kuoza.

Seremala akimaliza, huingia mfua bati. Yeye hukata, hukunja na kupigilia bati juu ya fremu. Kwa kuwa kazi ya mkono hutofautiana kidogo, kila boneti ilipimwa kwa gari lake, na haikuwa rahisi kuifunga kwenye gari jingine bila kuirekebisha. Baada ya hapo hufuata rangi, nyaya na viti vya ngozi.

Hata hivyo, si kila kitu hutengenezwa hapo. Injini zimekuwa zikinunuliwa kutoka kampuni kubwa, zikiwamo Triumph, Ford, Rover na BMW. Kwa njia hiyo kampuni ndogo imekwepa gharama kubwa ya kubuni injini, na fedha zake ikazielekeza kwenye kazi ya mafundi.

Ushauri uliokataliwa

Mwaka 1990 mfumo huo uliingia katika mjadala mkubwa. Sir John Harvey-Jones, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kampuni ya kemikali ya ICI, alikitembelea kiwanda hicho katika kipindi cha televisheni ya BBC. Wakati huo yalikuwa yakitoka magari kama kumi tu kwa wiki, huku wateja wakisubiri kwa miaka. Alishauri uzalishaji uongezwe haraka na kiwanda kiwe cha kisasa.

Ushauri huo haukuwa wa kupuuzwa, kwani mteja aliyechoka kusubiri anaweza kwenda kwingine. Lakini familia ya Morgan ilikataa kuufuata wote. Kwao foleni ilikuwa akiba: soko likiyumba, mafundi bado wana kazi. Iliongeza uzalishaji taratibu, na baada ya kipindi hicho maombi ya magari yaliongezeka.

Familia hiyo ilikuwa na sababu ya kuhofia mabadiliko. Katika miaka ya 1960 ilijaribu gari lenye bodi ya kisasa ya faibaglasi, Plus Four Plus. Yalitengenezwa 26 tu.

Mwaka 2019 kundi la uwekezaji la Investindustrial lilinunua hisa nyingi za kampuni hiyo. Mwaka 2020 chasisi ya chuma iliyoanza kutumika mwaka 1936 ilifikia mwisho, na nafasi yake ikachukuliwa na ya alumini. Fremu ya mbao ilibaki.

Kwa mwenye karakana ndogo, somo ni kutambua kitu ambacho mteja anakilipia hasa. Hicho ndicho cha kulindwa. Vingine vinaweza kununuliwa au kubadilishwa.