Utangulizi: Kumwandikia Asiyekuwepo

Huenda unasoma ukurasa huu ukiwa Sikonge, Kaliua au Igunga, simu mkononi na bando linalotosha somo moja au mawili. Mimi na wewe hatutaonana. Darasani mwalimu akiona nyuso zimekunjamana hurudia alichosema, akabadili mfano, akaandika tena ubaoni. Hapa uso wako siuoni. Ninachotaka ukielewe sina budi kukimaliza kwenye maandishi, na wewe ukinijibu ni vivyo hivyo.

Wengi huona hilo ni upungufu wa masomo ya mtandaoni. Kwa somo letu, mimi naliona kuwa ndilo somo lenyewe. Uandishi wa kiufundi na wa kibiashara ni kumwandikia mtu ambaye hayupo mbele yako, na ambaye akishasoma ana kazi ya kufanya. Barua ya ofisi, ripoti, muhtasari wa kikao, mkataba, maombi ya zabuni, maelekezo ya kutumia mashine au dawa: vyote vinapimwa kwa swali moja. Je, msomaji ameweza kufanya alichotakiwa kufanya, bila kulazimika kukutafuta akuulize?

Swali hilo si geni Tabora. Katika karne ya 19, Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo, ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, safari ya takriban kilomita 1,200 kwa miguu. Pamoja na vitambaa, shanga na pembe za ndovu, wapagazi walibeba barua. Kisa kimoja kinatosha. Mfuko wa barua za mmisionari David Livingstone uliotumwa kutoka Unguja uliandikwa kwa nje tarehe 1 Novemba 1870. Ukakawia Bagamoyo, kisha ukakwama Unyanyembe kwa sababu ya vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliukuta huko, akaondoka nao, na ulipomfikia Livingstone mwenyewe Ujiji mwezi Novemba 1871 ulikuwa umetimiza mwaka mzima. Sasa mfikirie aliyekaa Unguja akiandika. Akisahau kutaja idadi ya mizigo, au nani alipwe na nani asilipwe, hana namna ya kusahihisha. Barua yake ikishavuka bahari, imeshavuka.

Ndiyo maana biashara ya njia ile haikuendeshwa kwa mdomo peke yake. Matajiri wa Unguja kama Taria Topan walitoa mali kwa mkopo, na wafanyabiashara kama Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, wakaipeleka bara. Kati ya mkopeshaji na mkopaji kulikuwa na miezi ya njia, na mara nyingi miaka. Kilichowaunganisha ni karatasi. Mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa nyaraka za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Tippu Tip mwenyewe aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Ukiyasoma maisha hayo utaona namna jicho la mfanyabiashara lilivyozoea hesabu: frasila ngapi, bei gani, deni la nani.

Hata msamiati wa ofisi zetu umepita njia hizo za biashara. Hundi, karani na cheti tumevipata kwa majirani zetu wa Bara Hindi. Hawala na stakabadhi kwa Waarabu. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba Kiswahili ni lugha ya hadithi na mashairi, na shughuli nzito zina lugha yake nyingine, mkumbushe kwamba Kiswahili kilikuwa kinadai madeni na kutoa risiti kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912.

Lakini urithi huo una upande unaouma, na sitaki tuupite. Njia ile ilibeba pia watu waliotekwa, wakahesabiwa na kuuzwa kama mali. Orodha iliyopangwa vizuri inaweza kuficha dhuluma kubwa. Ndiyo sababu katika kozi hii unadhifu wa waraka hautoshi. Tutauliza pia waraka unamtaja nani na unamficha nani. Tazama kauli ya kutendwa tunayoipenda maofisini: "Imeamuliwa kwamba malipo yasitishwe." Nani ameamua? Mkulima aliyesitishiwa malipo aende mlango upi? Andika: "Bodi, katika kikao chake cha tarehe 3 Juni, imeamua kusitisha malipo." Sasa kuna mwenye kuulizwa. Uandishi ulio wazi ni uwajibikaji, na mwandishi anayeujua ufundi huu ana deni kwa wanaoathirika na maneno yake.

Baada ya uhuru Tabora ilipata nafasi nyingine katika habari hii. Chuo cha Uhazili kilichokuwa hapa kiliwafundisha makatibu muhtasi hati mkato, kupiga chapa na kazi za masijala. Leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 2000. Mwaka 1967 serikali iliagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Mashine za chapa zikaanza kugonga maneno ambayo leo tunayaona ya kawaida: jalada, dokezo sabili, akidi, yatokanayo na kikao kilichopita. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaonyesha kwamba mtu anaweza kupata shahada bila kuhama kwake. Kozi kama hii imezaliwa katika makutano ya mambo hayo mawili: ufundi wa mhazili na masomo ya masafa.

Sasa tuutazame ufundi wenyewe kwa karibu. Tuseme wewe ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, na mzani wa kituo chenu haupimi sawasawa. Barua nyingi za namna hiyo huanza hivi: "Yah: Taarifa. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Zikafuata aya mbili za historia ya chama, na ombi likajificha mwishoni. Msomaji wako ana barua arobaini mezani. Katika msafara kirangozi alitangulia mbele ili wote wajue njia. Mstari wa "Yah" ndio kirangozi wa barua yako, nao usiupoteze kwa neno moja lisiloonyesha njia. Andika: "Yah: Ombi la kukaguliwa mzani wa kituo kabla ya soko kufunguliwa." Kisha aya ya kwanza iombe, ya pili itoe ushahidi: mzigo uleule ulipimwa mara tatu, ukatoa kilo 52, 49 na 54. Ya tatu itaje nani wa kupokea wakaguzi, na siku zipi yupo. Salamu na heshima hazipotei. Kwetu Unyamwezini mtu haingii kwenye shida kabla hajasema "mwangaluka", na sitakufundisha kuacha adabu hiyo. Ila katika barua ya kazi, adabu kubwa kuliko zote ni kutompotezea msomaji muda.

Upande wa kiufundi nao una mtihani wake. Soma maelekezo haya ya kupulizia dawa shambani: "Changanya dawa na maji kiasi, tikisa vizuri, pulizia. Hakikisha umevaa glovu." Kuna makosa mawili, na yote yanaweza kumdhuru mtu. "Kiasi" si kipimo. Na glovu zimetajwa mwisho, wakati mikono imeshaloa dawa, kwa kuwa msomaji wa maelekezo hufanya huku akisoma. Yaandike upya kwa mpangilio wa kazi ilivyo: vaa glovu na barakoa, jaza bomba maji hadi nusu, pima dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo, mimina, funika, tikisa, ongeza maji hadi alama ya lita 16. Kila hatua na kitenzi chake, onyo likitangulia hatari. Hakuna msamiati mgumu hapo. Kilichobadilika ni kwamba mwandishi amesimama shambani pamoja na mkulima.

Kozi hii imegawanyika sehemu tatu. Ya kwanza ni barua, barua pepe na muhtasari wa kikao. Ya pili ni ripoti, andiko la mradi na zabuni. Ya tatu ni maelekezo, ikiwa ni pamoja na kutafsiri kwa Kiswahili vitabu vya mashine vilivyoandikwa kwa Kiingereza au Kichina. Utatuma kazi kila wiki, na utaandika upya kuliko ulivyozoea. Usikate tamaa rasimu ikirudi kwako. Hata mimi ukurasa huu nimeuandika zaidi ya mara moja nikijaribu kuuona kwa macho yako.

Zoezi la kwanza ni hili. Chagua kazi unayoijua kwa mikono yako: kuwasha moto wa bani la kukaushia tumbaku, kurina asali, kufunga mnyororo wa baiskeli. Iandikie nusu ukurasa. Mpe mtu asiyeijua, kisha kaa kando umtazame, usiseme neno. Pale atakapoinua kichwa kukutazama, weka alama. Hapo ndipo maandishi yako yaliposhindwa kusimama bila wewe, na hapo ndipo somo letu linapoanzia. Nitumie nusu ukurasa huo pamoja na alama zake.