Je, Wajua? Chembe Sahani Zikizidi

Chembe sahani ndizo huziba jeraha ili damu isiendelee kutoka. Kawaida huwa 150,000 hadi 450,000 katika mikrolita moja ya damu. Kuna ugonjwa ambapo uboho huzizalisha bila breki, na wengi huugundua kwa bahati tu, wakipimwa damu kwa jambo jingine.

Je, wajua kuwa zikivuka milioni moja, mgonjwa aweza kutokwa damu puani au kwenye fizi badala ya kugandisha? Wengine nyayo huwa nyekundu na kuwaka moto. Hata kwenye baridi ya ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, jirani anajikunyata ndani ya shuka, wewe unatafuta sakafu ya baridi!

Lakini usiogope mapema. Upungufu wa madini chuma, hata ule unaoletwa na safura, huzipandisha pia, na huo ni wa kawaida zaidi kuliko ugonjwa wenyewe wa uboho.

Kwa mkazi wa Karatu, karibu na Ngorongoro, anayehitaji uchunguzi zaidi, hospitali ya rufaa ya kanda ni KCMC, Moshi, zaidi ya kilomita 200. Tiba ya ugonjwa huo wa uboho huwa aspirini ya dozi ndogo. Wengine huongezewa haidroksiurea, dawa ileile ya selimundu. Usijianzishie aspirini bila daktari: chembe zikiwa nyingi mno, dawa hiyo huongeza hatari ya kutokwa damu.