Je, Wajua? Jeki ya Ringi za Kale

Katika mashindano makubwa ya magari yaliyofanyika Le Mans, nchini Ufaransa, mwezi wa Juni 1906, Ferenc Szisz alishinda kwa gari la Renault, na miongoni mwa sababu za ushindi wake ni ringi za Michelin zilizofungwa kwa nati, ambazo makanika waliziondoa na kupachika nyingine zenye matairi yaliyokwisha kujazwa upepo kwa muda wa dakika nne hivi, ilhali wapinzani wengi wakilipasua tairi bovu kwa kisu na kuhangaika robo saa nzima.

Ringi za kufunguka zikaenea, na nchini Marekani, katika miaka ya 1920, aghalabu zikaundwa kwa namna ya kustaajabisha: duara la feleji lililokatwa mahali pamoja, ukingo hadi ukingo, na ncha zake mbili zikashikizwa kwa kitasa kidogo. Magari kadhaa ya Ford Model T ya mwaka 1925, yalipopewa matairi manene ya inchi 21, yalikuwa nazo. Hapo tairi halibanduliwi. Ringi ndiyo itolewayo ndani yake.

Chombo kilichobuniwa kwa kazi hiyo ni jeki ya ringi, yenye mikono mitatu inayokutana katikati, kila mmoja ukiishia katika kulabu, na mmoja wao una parafujo nene ya kuurefusha na kuufupisha. Fundi akisha kutoa upepo wote na kufungua kitasa, huzipachika kulabu mbili penye ringi nzima na ya tatu karibu na mkato, kisha huzungusha mpini taratibu, hata ncha moja ikavutwa ndani na kuipita mwenziwe, ringi ikajikunja kama ukili, na tairi likatoka bila kupigwa. Wakati wa kurudisha, parafujo huzungushwa kinyume hadi ncha zikutane tena.

Nasikitika kila nionapo kazi hii ikifanywa kwa mtaimbo na nyundo, kwa kuwa nguvu zote hukusanyika mahali pamoja, na chuma kilichomzidi fundi umri kikapinda katika dakika chache. Pitisha ukucha juu ya kiungo: ukinasa, ncha hazilingani, na kitasa hakitakaa sawasawa.

Lakini jeki hiyo haifai kwa kila ringi. Ringi za Model T za awali, zenye kingo zilizojikunja ndani kulikamata tairi, hazina mkato. Zataka vyuma bapa vyenye ncha za mviringo, na tairi lililoanikwa juani likalainika. Basi sharti fundi aitazame ringi kabla ya kufungua sanduku la zana.

Na ringi ya mkato isijazwe upepo kwa pupa: izungushiwe mnyororo madhubuti, itiwe upepo kidogo, kitasa kikaguliwe, ndipo pampu iendelee, kwani ringi ifyatukayo yaweza kuua.