Mwenye uchovu sugu asilazimishwe mazoezi

Jamaa wanapomleta mgonjwa wa aina hii kliniki, aghalabu husema: "Daktari, huyu amekuwa mvivu." Vipimo vya damu ni vizuri, hana homa, na bado hawezi kumaliza kufua nguo mbili.

Uchovu sugu ni maradhi ya kweli, si uvivu wala kurogwa. Mara nyingi hufuata maambukizi ya virusi, na tangu mwaka wa 2020 umeonekana kwa baadhi ya watu waliougua COVID-19. Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Kwa hivyo daktari huanza kwa kuchunguza upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo, kifua kikuu na virusi vya Ukimwi. Uchovu ukizidi miezi sita na usingizi usiuondoe, tunatafuta dalili kuu: hali kuzorota baada ya kazi ndogo, tena si papo hapo, bali mara nyingi saa 12 hadi 48 baadaye.

Hapo ndipo wauguzi wa nyumbani hukosea. Jumatatu mgonjwa ana nafuu, anatumwa sokoni. Jumatano hawezi kuinua kikombe, na hakuna anayekumbuka safari ya sokoni. Kwa miaka mingi madaktari waliagiza mazoezi ya kuongezwa kidogo kidogo. Uingereza iliondoa ushauri huo katika mwongozo wake wa mwaka wa 2021, baada ya wagonjwa wengi kueleza kwamba uliwadhuru.

Basi mgonjwa apumzike kabla hajachoka. Andika katika daftari alichofanya kila siku na hali yake siku mbili baadaye. Utajua kiwango chake. Akioga leo, nywele zioshwe kesho. Mwekee kiti cha plastiki bafuni, na akitaka kukata sukuma wiki, akate akiwa ameketi. Mazungumzo nayo ni kazi: wageni wa kanisani wawili kwa dakika kumi wanatosha, hata kama wengine watanuna.

Aliyelemewa kabisa huumizwa na mwanga, kelele na manukato. Funga mapazia, zima redio, sema polepole, muulize maswali ya kujibiwa ndiyo au la. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa chache ili asipate vidonda. Kizunguzungu akisimama? Aketi kwanza ukingoni mwa kitanda. Chakula kiwe kidogo, mara nyingi, na maji yawe karibu.

Dawa ya kuuponya haijapatikana; tunatibu maumivu na kukosa usingizi. Sindano za vitamini zinazouzwa mitaani kama tiba humaliza pesa tu.

Hata hivyo, usilaumu uchovu sugu kwa kila kitu. Akikonda, akitokwa jasho usiku, akiumwa kifua au akisema hataki kuishi, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo, na umtafutie gari la kumlaza badala ya kupanga foleni ya matatu.