Maktaba ni Jukumu la Kaunti: Fahamu Jinsi ya Kuitengea Fedha

Mwaka 1948, Mary Leakey aligundua fuvu la Proconsul katika Kisiwa cha Rusinga, na jina la kisiwa hicho likajulikana na wanasayansi duniani kote. Miaka mingi baadaye, watafiti wa kituo cha icipe pale Mbita walisaidia kukuza mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na majani ya nepia pembezoni mwa shamba, ili kupambana na funza wanaotoboa mabua na gugu la kayongo. Yote hayo yameandikwa. Swali kwa mkazi wa Gembe, Kasgunga au Mfangano ni moja: ataketi wapi ayasome bila malipo?

Hiyo ndiyo kazi ya maktaba ya umma. Mwanafunzi anayepewa kazi ya utafiti chini ya Mtaala wa Umilisi hupata kitabu ambacho mzazi hawezi kumnunulia, pamoja na meza na taa. Mkulima hupata kijitabu cha kilimo. Kijana anayetafuta kazi hupata gazeti na intaneti. Maktaba pia huhifadhi maandishi na sauti za wazee. Kwa lugha ya Olusuba, ambayo wazungumzaji wake wamepungua huku wengi wakihamia Dholuo, huduma hiyo haiwezi kusubiri.

Sheria inasemaje?

Kwa muda mrefu maktaba za umma zilisimamiwa kutoka Nairobi na Bodi ya Huduma za Maktaba za Taifa (KNLS), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Katiba ya 2010 ilileta mabadiliko. Sehemu ya pili ya Jedwali la Nne inaorodhesha maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, pamoja na makavazi na viwanja vya michezo.

Kwa nini fedha hazitoshi?

Maktaba hushindania mfuko mmoja na hospitali, barabara na maji. Mgonjwa asiyepata dawa huonekana siku hiyo hiyo, lakini mtoto asiyepata kitabu huonekana baada ya miaka. Kwa hiyo maktaba husukumwa nyuma.

Sababu ya pili ni jinsi bajeti inavyogawanywa. Kujenga jengo huhesabiwa kuwa matumizi ya maendeleo. Mshahara wa mkutubi, umeme na intaneti ni matumizi ya kawaida, yanayorudi kila mwaka. Wadi ikiomba jengo peke yake, inaweza kulipata na bado ikakosa maktaba: mlango umefungwa, rafu ni tupu. Ombi kamili hutaja mambo yote: mahali, vitabu, mhudumu na gharama za kila mwaka.

Si lazima kuanza na jengo kubwa. Garissa, KNLS ilianza kupeleka vitabu kwa wafugaji kwa ngamia mwaka 1996. Kwa wakazi wa visiwa, masanduku ya vitabu yanaweza kusafiri kwa boti, na chumba kilichopo kwenye shule au kituo cha jamii kikatumika jioni.

Wakati wa kutoa maoni

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo kila mkazi anafaa kuzijua:

- Kufikia Septemba 1: Mpango wa Maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa kwenye Bunge la Kaunti. Mradi usiotajwa hapa huwa na safari ngumu baadaye.
- Kufikia Februari 28: Waraka wa Mkakati wa Fedha huwasilishwa. Huu huweka kiwango cha juu cha fedha za kila idara.
- Kufikia Aprili 30: makadirio ya bajeti huwasilishwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1.

Vikao vya kushirikisha umma huandaliwa katika hatua hizi. Fika kwenye kikao cha wadi yako, au andika maoni na uyawasilishe kwa ofisi ya msimamizi wa wadi. Walimu, vikundi vya kina mama na vikundi vya wavuvi wakiandika kwa pamoja, ombi lao huwa na uzito zaidi.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mkazi anaweza kuuliza ni kiasi gani kimetengewa maktaba mwaka huu, na ana haki ya kujibiwa.