Mtoto Anasikia Darasani, Anaangalia Nyumbani

Hebu fikiri. Mtoto wako ametoka shuleni. Anakukuta uwanjani unajaza mahindi katika gunia la mnunuzi aliyetoka Tunduma. Gunia limejaa, lakini mnunuzi anasema, "Ongeza." Mnaongeza mpaka gunia linafanya kilemba. Mtoto anauliza, "Baba, mwalimu wa hesabu amesema gunia ni kilo 100. Mwalimu wa dini amesema jasho la mtu lilipwe. Sasa hicho kilemba kinalipwa na nani?"

Je, utamjibu nini?

Katika shule zetu kuna kipindi cha dini. Watoto Wakatoliki wakiwa katika kipindi hicho wanaweza kufundishwa Mafundisho Jamii ya Kanisa. Hayo ni mafundisho juu ya namna watu wanavyopaswa kuishi pamoja kwa haki. Mwaka 1891 Papa Leo wa 13 aliandika barua juu ya haki za wafanyakazi. Alisema mfanyakazi alipwe mshahara unaomtosha kuishi. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere, ambaye naye alikuwa Mkatoliki, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa halina budi kupambana na umaskini na dhuluma.

Mafundisho hayo yana nguzo nne.

Ya kwanza ni utu. Kila mtu ana heshima yake kwa sababu ameumbwa na Mungu. Mtoto asimcheke mwenzake asiye na viatu, wala mgeni aliyevuka mpaka kutoka Nakonde.

Ya pili ni manufaa ya wote. Kisima cha kijiji ni cha wote, basi wote wakitunze.

Ya tatu ni mshikamano. Shida ya mwenzako ni shida yako.

Ya nne inaitwa auni, maana yake ni msaada. Jambo ambalo wadogo wanaliweza, wakubwa wasiwanyang'anye. Wawasaidie pale nguvu zao zinapoishia. Kwa mfano, watoto wapange wenyewe zamu za kufagia darasa. Mwalimu aingie wanaposhindwa.

Sasa turudi kwenye gunia. Kilemba kile tunakiita lumbesa, na sheria ya vipimo inaikataza. Tufanye hesabu. Tuseme gunia la lumbesa lina kilo 130, nawe unalipwa kilo 100. Umetoa kilo 30 bure. Ukiuza magunia 10, umetoa kilo 300. Hayo ni magunia matatu kamili! Yangeweza kununua madaftari na sare za shule.

Utasema, "Nikikataa peke yangu, mnunuzi atakwenda kwa jirani." Ni kweli kabisa. Ndiyo sababu mafundisho hayaishii kwenye haki ya mtu mmoja, yanataja na mshikamano. Mkulima mmoja akikataa, anabaki na mahindi yake. Kijiji kizima kikikataa, mnunuzi hana pa kwenda. Kwa hiyo tukutane, tukubaliane kuuza kwa mizani, tena tuuze pamoja kupitia ushirika wetu.

Sisi wa elimu ya watu wazima tunaona jambo moja. Mwalimu wa dini ana kipindi kifupi tu. Mzazi anakaa na mtoto siku nyingi. Mzazi akimwambia mtoto, "Nyamaza, hayo ni ya shuleni," mtoto atajifunza kwamba haki ni maneno ya darasani tu. Tena tujiangalie na sisi. Je, vibarua wetu wa kuchuma kahawa Mbozi tunawajazisha debe mpaka limwagike, kisha tunawalipa debe moja? Hiyo nayo ni lumbesa, ila safari hii wapunjaji ni sisi.

Haya si ya Wakatoliki peke yao. Mmoravian, Mwislamu na mwingine yeyote anajua kwamba kupunja ni dhambi.

Maswali ya kuzungumza na wenzako:
1. Kijijini kwetu tunauza kwa mizani au kwa lumbesa?
2. Nani aitishe mkutano ili tukubaliane?
3. Mtoto akituuliza, tutamjibu nini?