Mwinuko wa Nchi na Damu ya Mwanadamu

Mtu asimamaye ufukoni mwa Ziwa Victoria, mjini Musoma, aweza kudhani kwamba yuko bondeni. La hasha! Yuko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na akienda Bunda au Butiama hupanda zaidi. Kanieneo ya hewa, ambayo pwani ni milimita 760 za zebaki, ufukoni hapo ni takriban 663, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Sentigredi badala ya 100.

Yafaa ieleweke kwamba sehemu ya oksijeni hewani haibadiliki: ni asilimia 21 Musoma, na ni hiyo hiyo kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Kinachopungua ni kanieneo iisukumayo oksijeni kutoka mapafuni hadi katika damu. Kileleni hubaki karibu nusu tu ya ile ya pwani.

Mwili Hujitetea

Upungufu huo ukitambuliwa, mtu huhema upesi na moyo hupiga mbio. Kisha figo hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuchochea uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu. Kazi hiyo huhitaji majuma kadhaa. Apandaye kwa pupa huumwa kichwa, hutapika na kukosa usingizi. Mapafu yakijaa maji au ubongo ukivimba, uhai wake hutegemea kuteremshwa mara moja.

Chembe za Umbo la Mundu

Jambo hili lina uzito wa pekee mkoani Mara. Mwaka 1956 mtaalamu Anthony Allison alitangaza matokeo ya kupima damu ya wakazi wa Wilaya ya Musoma. Kati ya watoto wachanga 287, 89 walikuwa wamerithi jini ya selimundu kwa mzazi mmoja, na 9 kwa wazazi wote wawili. Kati ya watu wazima 654, hesabu hizo zilikuwa 249 na 5.

Wanafunzi na wakokotoe. Waliorithi kwa wazazi wote wawili, ambao ndio wagonjwa, wanashuka kutoka asilimia 3.1 hadi 0.8: wengi walifariki kabla ya kukua. Waliorithi kwa mzazi mmoja wanapanda kutoka 31 hadi 38, kwa sababu jini moja huukinga mwili dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jini hiyo imeenea kandokando ya ziwa, lakini ni nadra kwa wenyeji wa nyanda za juu zenye baridi, ambako malaria ni haba.

Hemoglobini ya selimundu ikikosa oksijeni hushikamana, na chembe hupinda mfano wa mundu zikaziba mishipa midogo. Basi kinga ya ziwani yaweza kugeuka hatari mlimani. Mwenye ugonjwa huo asipande milima mirefu, na amwone daktari kabla ya kusafiri kwa ndege. Aliyerithi kwa mzazi mmoja kwa kawaida ni mzima. Ila akipatwa na maumivu makali ubavuni kushoto, penye wengu, ateremke bila kukawia.

Kwa hiyo shule inayokusudia kuwapeleka wanafunzi Kilimanjaro ingefanya vema kuhakikisha kwanza kwamba damu yao imepimwa.